Anakula Papa, Anaogopa Papa

Nyumbani kwetu Magomeni papa mkavu hakosekani. Namnunua Kariakoo au Feri, namroweka usiku kucha atoe chumvi, asubuhi namchemsha, namchambua, halafu anaingia kwenye tui na nyanya na bamia chache, ndimu mwishoni. Binti yangu wa kwanza ni mlaji mkubwa wa mboga hiyo. Tunamwita Kibibi kwa sababu amebeba jina la mama wa baba yake, na jina la mkwe huwezi kulitaja ovyo ukiwa unagombeza mtoto. Kibibi huyo huyo, anayefuta sahani kwa tonge la mwisho, ndiye aliyening'inia shingoni kwangu pale Kivukoni akilia kwa kwikwi, tusipande pantoni kwa sababu chini kuna papa.

Chanzo kilikuwa simu. Wifi yangu anaishi Durban, na siku moja aliwapeleka wanawe uShaka, ile bustani ya bahari iliyofunguliwa mwaka 2004 kule ufukweni. Unaingia ndani ya jengo lililotengenezwa mfano wa meli iliyoharibika, unashuka, na huko chini samaki wanaogelea nyuma ya kuta unazoweza kuona hadi ng'ambo. Akarekodi video, akaitupia kwenye kundi la familia. Ni fupi sana. Kuna giza la buluu, migongo ya watoto, halafu kutoka pembeni anaingia papa mkubwa, taratibu, mdomo nusu wazi na meno yamechomoza nje. Mtoto mmoja anapiga ukelele, simu inatikisika, mtu anacheka, video inakatika.

Naamini kule kukatika ndiko kulikoharibu, kuliko hata meno. Sisi wakubwa tulijua kilichofuata, watoto walitoka wakanunuliwa aiskrimu. Kibibi, ambaye ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza, alijua alichokiona: papa amekuja, mtoto amepiga ukelele, basi. Kilichobaki alikimalizia mwenyewe kichwani, na kichwa cha mtoto wa miaka sita hakimalizii hadithi kwa aiskrimu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Coco Beach akagoma kuvua viatu. Alikaa na mimi kwa muuza mihogo mpaka jua linazama, anawatazama wenzake majini jinsi unavyomtazama mtu anayevuka barabara bila kuangalia. Kisha ikaja zamu ya Kigamboni. Dada yangu anakaa huko, na sisi huwa tunapanda mwendokasi Magomeni, tunashuka Kivukoni, tunavuka kwa pantoni, dakika chache umefika. Siku hiyo hatukuvuka. Abiria walitoa maoni yao kama abiria wa Dar wanavyotoa, na mama mmoja akaniambia mtoto huyo anahitaji kiboko. Tukageuka, na kuanzia hapo kwenda kwa dada kukawa ni kuzunguka kwa daladala mpaka Daraja la Nyerere kule Kurasini, nauli zaidi, foleni zaidi. Tena nyumbani akaniuliza kama papa anaweza kupita kwenye bomba akaingia kwenye tangi letu la maji. Baba yake alicheka. Mimi sikucheka, na si kwa hekima, ni kwa uchovu.

Uswahilini mtoto akiwa na woga, woga huo unakuwa mali ya mtaa. Kila mtu ana dawa yake. Mjomba wake alishauri tumpeleke Coco tumtupie majini, atazoea. Jirani wa mlango wa pili alisema tumnyime simu mpaka amalize darasa la saba. Binamu zake wa kiume wakapata mchezo, wanamvizia akipiga mswaki na kumfokea kwa nyuma, "Papa huyo!" Mama mkwe, kwa simu kutoka Mafia, alimsomea dua, akamwambia ajipanguse uso kwa viganja, akamtakia usiku mwema. Kati ya wote hao yeye peke yake hakucheka, na Kibibi aliliona hilo kabla yangu. Usiku akiamka ananiambia, "Mpigie bibi."

Hiyo dawa ya kutupiwa majini naijua. Bodaboda anayenibebea mizigo kutoka sokoni alitupiwa na kaka zake akiwa mdogo. Leo ni mwanamume mwenye ndevu zake, lakini kwenye pantoni hukaa juu ya pikipiki katikati kabisa, macho kwenye simu, ukingoni hasogei. Aliniambia mwenyewe. Hakuzoea chochote, alijifunza kuficha tu. Wanaojisifu kwamba walitupiwa wakajua kuogelea tunawasikia kila siku, kwa sababu ndio wanaosimulia. Wale wengine wamekaa kimya katika mji wa bandari, hawajui kuogelea, na watoto wao hawatajua.

Mume wangu ni mhasibu, anaamini hakuna kitu kisichonyooka kwa hesabu. Akamkalisha kwenye kochi. Akamweleza kwamba dunia nzima, kwa wastani, watu wanaouawa na papa kwa mwaka hawafiki kumi. Kwamba binadamu tunaua papa makumi ya mamilioni kila mwaka, kwa hiyo mwenye haki ya kulia ni papa. Kwamba aina za papa zinazidi 500, na zilizowahi kuua mtu ni chache mno. Yote kweli, na aliyasema kwa upole. Kibibi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Baba, hao wasiofika kumi, wao walikuwa wanajua kwamba hawafiki kumi?"

Mume wangu akafunga simu. Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo, na sidhani kama linahitaji jibu. Hesabu ilikuwa inazungumzia dunia. Mtoto alikuwa anauliza kuhusu miguu yake miwili.

Siku nyingine, bila mpango wowote, nikampa karatasi na penseli za rangi nikamwambia anichoree huyo papa. Akachora mstari wa maji. Juu ya mstari akajichora yeye, kuanzia kiunoni kwenda juu, na vitufe vya nywele vyote. Chini ya mstari akapaka nyeusi, akapaka, akapaka mpaka karatasi ikaanza kuchanika. Nikatafuta pezi, nikatafuta meno. Hamna.

"Papa yuko wapi?"

"Sijui."

"Mbona hukumchora?"

"Mama, haonekani. Yeye anaiona miguu yangu, mimi simwoni yeye."

Hapo nikapata pa kushikia. Kumbe tulikuwa tunahangaika na meno bure. Meno ya papa, mapezi yake, hata nyama yake, havikuwa shida kwake. Shida ilikuwa maji yamefunika, na aliyefunikwa anamwona yeye. Ukilitazama hivyo, si woga wa kijinga hata kidogo. Mimi mwenyewe sipendi kuketi nimeupa mlango mgongo. Basi tukakubaliana na baba yake kwamba tutakachofanya ni kumwonyesha kilicho chini, kwa kadiri atakavyotaka yeye, na akisema "basi" ni basi, hakuna kubembelezana.

Tulianza na ndoo. Baba yake alitumbukiza sarafu ya shilingi mia tano ndani ya ndoo ya maji akamwambia, ukiipata kwa kunyoosha mkono mara moja bila kupapasa ni yako. Kibibi akapima kwa macho, akaingiza mkono, vidole vikafumba maji matupu. Sarafu ilikuwa chini zaidi ya ilivyoonekana. Ndivyo mwanga unavyofanya ukitoka majini kuja hewani, unapinda, na kitu kinaonekana kimesogea kama robo ya umbali wake. Kwenye madirisha bapa ya nyumba za samaki ni vivyo hivyo. Papa aliye mita nne nyuma ya dirisha anaonekana kama yuko mita tatu, na kwa sababu macho yanadhani yuko karibu, anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Baba yake akamweleza pia kwamba ukuta wenyewe si kioo cha dirishani, ni akriliki, plastiki ngumu iliyo nene sana, na papa wa mle ndani wanalishwa, hawalali njaa. Na yule wa kwenye video ana sura mbaya kuliko tabia. Ni aina ambayo meno yake hubaki nje hata akifunga mdomo, huogelea polepole, na kwa watu si mkali. Sarafu nilimpa hata hivyo, aliipata kwa kupapasa.

Halafu nikamwomba wifi atupigie simu ya video, lakini yeye asiongee, amwache mwanawe aongee. Yule aliyepiga ukelele alikuwa mwanawe wa kiume, mkubwa kidogo kwa Kibibi. Kiswahili chake kimeanza kuchanganyika na lugha za huko, lakini walielewana.

"Ni wewe uliyelia?"

"Sikulia. Nilipiga kelele."

"Halafu?"

"Nikajificha nyuma ya baba. Nikachungulia hapa, katikati ya miguu yake. Akapita. Akarudi tena. Hafanyi kitu, anazunguka tu. Halafu inachosha."

Wifi alitaka kumrekebisha, nikamfanyia ishara anyamaze. Neno "inachosha" lilifanya kazi kuliko hotuba zetu zote. Aliyekuwepo amerudi, ana miguu yote, na anasema papa anachosha.

Feri tulikwenda asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Kwa mtoto lile soko peke yake ni mtihani, maji chini, mikokoteni, madalali wanaita bei, kina mama wakaanga samaki wanagombea mafungu. Alikubali kwenda kwa sharti la kubebwa mgongoni kama mtoto mchanga, na mimi nikafunga kanga bila kuuliza. Kwenye meza za kupara samaki tukamkuta kijana ana papa mdogo, urefu wa mkono wangu, mapezi yameshakatwa. Nikamweleza kwa kifupi. Hakucheka. Akaosha mikono, akasema, "Njoo mwanangu umshike. Huyu leo hana neno."

Ilichukua muda. Alianza kwa kunyoosha kidole akiwa mgongoni kwangu, kisha akaomba ashushwe. Kijana akamwonyesha, ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ngozi inateleza, ukirudi kinyume inakwaruza kama msasa. Ngozi ya papa imejaa vijimeno visivyoonekana kwa macho, vyote vimelalia upande wa mkia. Kibibi akarudia, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kijana akafungua mdomo wa papa kwa ncha ya kisu, akamwonyesha meno ya mbele na mengine yaliyojipanga nyuma yakisubiri. La mbele likidondoka, la nyuma linasogea, maisha yake yote. Kibibi wakati huo alikuwa na pengo. Akalionyesha kwa ulimi.

"Na mimi yangu yanaota mengine!"

"Wewe ni mara moja tu," kijana akamwambia. "Usimuige papa kwenye pipi."

Akakata kipande akamwonyesha kwamba papa hana mfupa, mwili mzima unashikiliwa na gegedu, akamwambia ajiminye sikio ajue gegedu ni nini. Njia nzima kwenye mwendokasi alikuwa anajiminya sikio. Kwa upande wa woga safari hiyo ilisaidia. Kwa upande wa jikoni iliniletea hasara, maana kwa muda mrefu Kibibi alikataa kula papa. "Yule alikuwa mdogo. Mama yake anamtafuta." Nikawa napika mboga mbili.

Baba mkwe alikuja Dar kutazamwa macho. Ni mvuvi wa Kilindoni, amestaafu kwa sababu macho yamestaafu. Alipovuka kutoka Mafia mpaka Nyamisati na kuja kwetu, habari zote alikuwa anazo. Kibibi akampigia magoti, "Shikamoo babu." Akaitikia "Marahaba mke wangu," kisha akanuna. "Nasikia una mwanamume mwingine huko baharini anakukosesha usingizi." Kibibi alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtania kuhusu papa na yeye kucheka, na tofauti ya utani huo na ule wa binamu zake haielezeki kirahisi. Binamu walikuwa wanatumia woga wake. Babu aliuketisha pembeni akaongea na mtoto.

Jioni walikaa barazani. Nilikuwa nachambua mchicha, nasikia. Sikutegemea aliyoyasema.

"Mimi nimeiogopa bahari maisha yangu yote, ndiyo maana nimezeeka."

Kibibi akamuuliza alikuwa anaogopa nini. Akaanza kuhesabu. Kusi, upepo unaochafua maji miezi mingi. Mkondo unaokuvuta kimyakimya wewe unadhani umesimama. Meli kubwa usiku, ambazo hazikioni chombo chako. Konyeza, wale wa rojorojo wanaowasha. Taa aliyejifukia mchangani na mwiba mkiani, ukimkanyaga umekwisha siku yako. Wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye miamba. Akaendelea. Papa hakumtaja mpaka mtoto alipomkumbusha.

"Ah, papa. Papa tulikuwa tunamtafuta sisi, yeye anatukimbia."

Akamsimulia walivyokuwa wakikamua mafuta ya ini la papa, sifa, wakapaka chombo ubao usiliwe na maji, na harufu yake isiyotoka mwilini hata kwa sabuni, bibi yake alikuwa anamfukuza kitandani. Akamsimulia kwamba zamani papa mmoja alibebwa na watu wawili kwa mti begani, siku hizi wanaletwa hao wadogo, kwa sababu papa huchelewa kukua na huzaa wachache, na sisi tumevua bila kungoja. Kisha akamfikisha kwa papa potwe. Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 10, mgongo wote madoa meupe, na huja kando ya Kilindoni kwenyewe. Msimu wake ni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, na wageni hutoka Ulaya kuja kuogelea naye.

"Anakula watoto?"

"Anakula dagaa na vijidudu vidogo kuliko dagaa. Anafungua mdomo, anachuja. Ukikaa mbele yake anakupisha."

Nilidhani usiku ule hatutalala, mzee amempa mtoto woga sita badala ya mmoja. Akalala fofofo. Nimelifikiria sana hilo. Vitu vya babu vilikuwa na mahali pake na wakati wake, na kila kimoja kina la kufanya. Kusi ina miezi yake. Miiba myeusi inaonekana, unavaa raba. Taa ukiburuza miguu mchangani anasikia anaondoka. Mkondo ukikushika usishindane nao, unakwenda nao kwa ubavu mpaka ulegee. Kwenye karatasi ile nyeusi ya Kibibi babu alikuwa amechora vitu.

Yeye pia ndiye aliyetwambia tungoje bamvu. Sisi watu wa mjini tunakwenda ufukweni Jumapili jioni kwa sababu ndiyo nafasi yetu, na pwani hii siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa kumi jioni ndipo maji yamejaa kabisa. Tunampeleka mtoto mwoga baharini saa ambayo bahari imeficha kila kitu. Saa nne asubuhi ya siku hizo hizo maji yamepwa, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Nilikulia Dar es Salaam na sikuwahi kupanga safari ya Coco kwa kuangalia mwezi.

Tulikwenda asubuhi, babu na fimbo yake. Pale ambapo Kibibi alizoea kuona mawimbi yanapiga, palikuwa pakavu. Miamba nje, mchanga una mikunjo, madimbwi madogo yametulia. Akasimama kwenye mstari wa magugu ya bahari yaliyokauka, akauliza, "Maji yamekwenda wapi?" Babu akaelekeza fimbo mbali, kwenye weupe wa mawimbi. Wakatembea. Aliburuza miguu kama alivyofundishwa, hata penye mwamba pasipo na sababu ya kuburuza. Wakakuta kaa, wakakuta jongoo bahari amelala kama hana shida na mtu, wakakuta samaki wadogo wamenaswa dimbwini wakingoja maji yarudi. Kila dimbwi alichungulia. Nilimsikia anahesabu kwa sauti vitu ambavyo si papa.

Maji yalipoanza kurudi yalirudi haraka, na babu akatutoa. Kibibi hakutaka kutoka, ikabidi avutwe. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilipata wasiwasi mpya kabisa, kwamba sasa tuna mtoto asiyejua kuogelea ambaye anaipenda bahari. Kwa hiyo kuogelea kukaanza, kwenye maji ya kiunoni, na miwani ya kuogelea tuliyonunua Kariakoo. Miwani ile ilikuwa na kazi kuliko boya. Anashika mkono wangu, anainamisha uso majini, anatazama miguu yake mwenyewe, anainuka. "Ipo." Anainama tena. Siku moja wimbi lilimpiga akanywa maji, akapiga ukelele ule ule wa kwenye video, akasema basi. Tukatoka, tukala mihogo, tukarudi nyumbani. Shemeji yangu aliyekuwepo akasema tunamdekeza. Labda. Lakini mtoto anayejua kwamba "basi" yake inasikilizwa huomba kurudi mwenyewe, na aliomba, ingawa haikuwa wiki hiyo.

Pantoni bado. Anapanda siku hizi, lakini anasimama katikati kabisa, karibu na yule bodaboda wetu tukimkuta, na anauliza tumefika wapi. Pale maji ni ya kina na machafu kwa mafuta ya vyombo, miwani haisaidii, na mimi simlazimishi. Papa wa nazi amerudia kula, ila anauliza kwanza alikuwa na ukubwa gani, nami nasema mkubwa.

Wifi ametualika Durban likizo ya Desemba. Kibibi amemtumia ujumbe wa sauti, nilikuwa jikoni nikausikia wote. Atakubali kuingia kwenye hiyo nyumba ya samaki, lakini atasimama nyuma ya baba yake kwanza, atachungulia katikati ya miguu, na binamu yake asirekodi. Na akisema basi, wote watoke, hata kama wengine wamelipia. Wifi amejibu kwamba amekubali masharti yote. Kuhusu nauli ya watu wanne, mhasibu wetu hajajibu.